Kipimo cha Tabia Isiyo ya Kawaida

Tabia isiyo ya kawaida haijapata bado fasili moja inayokubaliwa na wanasaikolojia wote, na wanaoanza kusoma taaluma hiyo hukuta vitabu vikiwapa vipimo kadhaa vinavyogongana badala ya kimoja kinachojitosheleza. Toleo hili limetengwa kwa ajili ya suala hilo, na hoja inayolifungua ni kwamba wingi wa vipimo hivyo ni kinga kwa mgonjwa na kwa asiye mgonjwa, kwa kuwa kila kimoja kati yake kilipoachwa kitawale peke yake kilileta madhara.

Rahisi kuliko vyote ni kipimo cha takwimu, ambacho huita si kawaida kile kilicho mbali sana na wastani. Katika majaribio ya akili ambayo wastani wake umewekwa kuwa 100, watu wapatao 2 tu katika kila 100 hupata alama zilizo chini ya 70, na alama hizo zimezoeleka kuchukuliwa kuwa dalili mojawapo ya ulemavu wa akili. Lakini wanaopita 130 ni wachache vilevile, na hakuna anayewatafutia tiba. Uchache basi hauonyeshi ugonjwa, kama ambavyo wingi wa wenye sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kumnyima mtu hamu ya maisha, hauifanyi sonona kuwa afya.

Kipimo cha kaida za jamii, kinachomhukumu mtu kwa kutazama kama anafuata yale ambayo wenzake wanayatarajia, ndicho kilicho na historia chafu zaidi. Mwaka 1851 daktari wa Marekani, Samuel Cartwright, alitangaza kwamba watumwa waliotoroka walikuwa na ugonjwa wa akili, akaupa jina la kitaalamu, drapetomania, kana kwamba kuutaka uhuru ni maradhi. Afrika Mashariki nayo ina ukurasa wake: J. C. Carothers, aliyewahi kuiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi, aliandika mwaka 1954, kwa ajili ya serikali ya kikoloni, ripoti iliyoieleza Mau Mau hasa kuwa msukosuko wa akili za watu waliong'olewa katika mila zao, na kwa njia hiyo madai ya ardhi yakasukumwa pembeni. Yafaa mambo haya yafundishwe katika kila darasa la saikolojia, kwa maana aliyeshika kalamu ya kufasili ameshika pia mamlaka.

Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wa leo huanza na mateso ya mhusika mwenyewe na kupungua kwa uwezo wake wa kumudu kazi, familia na mwili wake. Hata hapa pana tundu, maana mtu aliyepandwa na furaha iliyopindukia, asiyelala na anayetapanya mali yake yote kwa wiki moja, huenda asione kuwa ana tatizo lolote. Mtaalamu Jerome Wakefield alijaribu kuliziba tundu hilo mwaka 1992 kwa kusema kwamba ugonjwa wa akili ni kasoro yenye madhara: lazima kuwe na utendaji wa akili ulioharibika, na lazima uharibifu huo umdhuru mtu kwa kadiri ya maadili ya jamii yake. Fasili hiyo ina nguvu kwa sababu inakiri wazi kwamba ndani yake mna sayansi na mna maadili. Ugumu wake ni kwamba kasoro ya akili kwa kawaida haionekani kwa kupima damu.

Ugumu huo hauonekani wazi mahali popote kuliko katika msiba. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, unaojulikana kama DSM, katika toleo la 1994 uliwataka madaktari kwa kawaida wasimhesabu mfiwa kuwa na sonona katika miezi miwili ya kwanza; toleo la 2013 likaliondoa sharti hilo; na marekebisho ya 2022 yakaongeza ugonjwa mpya wa majonzi ya muda mrefu, ambao kwa mtu mzima hauwezi kutajwa kabla ya miezi 12 kupita tangu kifo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kwa majonzi yaleyale, umeweka miezi 6. Wafiwa hawakubadilika katika miaka hiyo. Mstari ndio uliohama.

Mjane wa Kiislamu wa pwani hukaa eda miezi 4 na siku 10, na kumalizika kwa eda hakumaanishi kwamba huzuni imeisha, kama ambavyo kuanua matanga hakuukaushi moyo. Miongozo yote miwili inakubali jambo hili kwa kudai kwamba majonzi yazidi mno yale yanayotarajiwa katika utamaduni na dini ya mfiwa kabla hayajaitwa ugonjwa. Sharti hilo ni zuri, ila halina thamani kama anayehoji hajui matanga ni nini, au kama dodoso lake linauliza habari za sonona ilhali mwanamke aliye mbele yake anasema tu kwamba ana mawazo mengi na usingizi umempaa. Hesabu ya miezi hupatikana kwenye mwongozo. Kama mwanamke huyo bado anapika, kama anawapokea wageni, kama watoto wake wanakula na kwenda shule, na kama majirani zake wanamwona yuko msibani au wanamwona amepotea, hayo hupatikana kwa kumuuliza yeye na walio karibu naye, kwa lugha yao.