Mashine Ijuayo Kuwa Umelala

Tunazungumzia jambo ambalo kwa mara ya kwanza laweza kuonekana kuwa la mbali sana na Singida yetu. Huko Ulaya, Marekani na kwingineko zipo mashine za kupumulia ambazo mgonjwa huzivaa puani wakati wa kulala. Siku hizi mashine hizo zina kompyuta ndogo ndani yake, nazo hutambua kwa pumzi tu kwamba mwenyewe amekwisha kusinzia. Basi wapo waliojiuliza: ikiwa mashine inajua kuwa nimelala, kwa nini isinizimie televisheni, taa na redio? Na kwa kuwa zipo taa na soketi zinazopokea amri kwa njia ya intaneti, jambo hilo si ndoto tena.

Hatulicheki wazo hilo. Nani kati yetu asiyemfahamu mzee ambaye redio yake huzungumza peke yake mpaka alfajiri, huku uniti za LUKU zikiyeyuka? Mwaka 2014 kampuni ya Virgin Media ya Uingereza ilionyesha bangili iliyobuniwa na vijana wawili wa shule huko Manchester. Bangili hiyo ikihisi kwamba mtazamaji amesinzia, husimamisha kipindi cha televisheni na kumwekea akiangalie baadaye. Ni kitu cha starehe, na starehe si dhambi. Lakini mashine ya kupumulia si bangili. Ni dawa ya mgonjwa, na tunaona kwamba wanaoyashangilia maajabu yake wameliruka swali la kwanza: mtu huyu anaumwa nini?

ANAUMWA NINI?

Anaumwa ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Mtu anapolala misuli ya koo hulegea. Kwa wengine hulegea mno, hata njia ya hewa ikabanwa au kuziba kabisa. Kifua kinajitahidi kuvuta, lakini hewa haipiti. Sekunde 10 zinapita, 20, pengine dakika nzima, kisha ubongo unashtuka, mtu anakoroma kwa kishindo kama aliyepaliwa, hewa inapita, naye analala tena. Asubuhi hakumbuki lolote. Kwa mwenye hali mbaya mambo hayo hutokea mara 30 au zaidi katika saa moja. Hebu fikiri, ndugu msomaji: ni sawa na mtu anayeamshwa kila baada ya dakika mbili usiku kucha, halafu mchana anaambiwa kuwa ni mvivu kwa sababu anasinzia kikaoni.

Ugonjwa huu huandamana na shinikizo la damu lisiloshuka hata kwa dawa, maradhi ya moyo na kiharusi. Huwapata zaidi wenye unene na shingo nene, wanaume kuliko wanawake, ingawa wanawake waliokoma hedhi nao huwafikia. Pombe ya jioni huuzidisha, kwa kuwa huilegeza koo zaidi. Mwaka 2019 watafiti walikadiria kwamba watu wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wanao ugonjwa huu kwa kiwango kidogo au kikubwa.

Na sisi je? Sisi tunacheka. Baba akikoroma, watoto huigiza sauti yake asubuhi, na majirani husema amelala usingizi mnono. Mama peke yake, aliye karibu naye kitandani, ndiye anayejua kwamba katikati ya kile kishindo kuna ukimya wa kutisha, na kwamba mara nyingine humsukuma mumewe kwa kiwiko ili avute pumzi. Mama huyo ndiye mashine ya kwanza ya kutambua usingizi, wala haitumii umeme. Kwa bahati mbaya hakuna anayemuuliza.

BARABARA YETU

Tuna sababu ya pekee ya kulisema jambo hili hapa mkoani. Barabara kuu itokayo Dodoma hupita Manyoni, Ikungi na Singida mjini, ikateremka mlima Sekenke kwenda Shelui, Igunga na Nzega. Huko hupita mabasi ya Mwanza na malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, baada ya katazo lililodumu karibu miaka 30. Abiria wengi walifurahi, nasi tunaelewa sababu. Lakini dereva ambaye pumzi zake zilikatika usiku kucha jana, leo saa tisa usiku anashika usukani akiwa na deni la usingizi ambalo kahawa haiwezi kulilipa.

Madereva wanaficha dalili zao kwa kuogopa kupoteza kazi. Hofu hiyo ina maana, kwani ana watoto wa kuwasomesha. Ndiyo maana inafaa ajue kwamba ugonjwa huu unatibika, na aliyetibiwa vizuri anaweza kurudi kazini. Huko Uingereza dereva mwenye ugonjwa huu na anayesinzia mchana hutakiwa kuacha kuendesha na kuiarifu mamlaka ya leseni. Hali yake ikidhibitiwa, huruhusiwa tena. Wenye makampuni ya mabasi hapa nchini wangefanya vyema kuwapima madereva wao shingo, shinikizo la damu na usingizi, badala ya kungoja ajali ndipo watafute wa kumlaumu.

MASHINE YENYEWE

Mashine hii haipumui badala ya mtu, kama zile za vyumba vya wagonjwa mahututi. Husukuma hewa ya kawaida kwa nguvu kiasi kupitia mpira na barakoa, na hewa hiyo huishikilia koo isifunge. Aliyeianzisha ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliyetoa taarifa yake mwaka 1981 pamoja na wenzake. Wauguzi wa wodi za watoto njiti wanaifahamu kanuni hiyo, maana hewa ya kusukumwa puani imewasaidia wachanga wengi ambao mapafu yao hayajakomaa.

Inajuaje kwamba mtu amelala? Anayekesha hupumua bila mpangilio: anaguna, anameza mate, anavuta pumzi ndefu. Akilala, pumzi hufuatana sawasawa. Mashine ikiona utulivu huo kwa dakika kadhaa, huhesabu kuwa amelala na kuongeza nguvu ya hewa. Huo ni ujuzi mzuri na una faida, kwani mgonjwa hasumbuliwi na upepo mkali kabla ya usingizi kumchukua.

Lakini kuukabidhi ujuzi huo swichi za nyumba ni jambo jingine. Anayesali rozari kimya kimya kitandani naye pumzi zake hutulia; je, azimiwe taa katikati ya fumbo la tatu? Tena nyumba zetu hazilali kwa pumzi ya mtu mmoja. Baba amelala, lakini mama ananyonyesha, binti anajiandaa na mtihani, na bibi anatafuta njia ya kwenda chooni. Ikiwa friji inayotunza insulini ya mgonjwa wa kisukari imeunganishwa kwenye soketi hiyo hiyo ya amri, starehe ya mmoja imekuwa hatari kwa mwingine.

Kama mashine ni lazima iamuru kitu nyumbani, sisi tungependa iamuru kinyume chake: iwashe. Barakoa ikivuka usoni, au umeme ukikatika, kengele ilie na taa ya betri iwake ili mama aamke. Umeme ukikatika mgonjwa hafi papo hapo, kwa maana barakoa zimewekewa matundu ya hewa, lakini ugonjwa wake unarudi usiku ule ule. Nasi tuliopitia mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 hatuhitaji kuelezwa maana ya usiku usio na umeme. Mashine isiyowasha kipasha maji chake hutumia umeme mdogo, na nyingi huweza kuendeshwa kwa betri ya volti 12 iliyochajiwa kwa sola, mradi fundi aunganishe kwa kifaa kinachofaa mashine ile. Huo ndio ubunifu ambao ungetufaa.

Kuna suala la siri pia. Mashine nyingi za sasa hupeleka taarifa za kila usiku kwa njia ya mtandao wa simu. Huko Marekani bima ya serikali ya wazee haiendelei kulipia mashine mpaka ionekane kwamba katika miezi 3 ya mwanzo mgonjwa ameitumia angalau saa 4 kwa usiku, katika asilimia 70 ya usiku wa siku 30 mfululizo. Daktari akizipata taarifa hizo ni vema. Lakini mashine iliyounganishwa na taa, televisheni na simu inaeleza mengi zaidi: saa unayolala, saa unayoondoka nyumbani, na usiku ambao hukulala kwako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Taarifa za afya ni za kulindwa, na mwajiri hana haki ya kuzichungulia apendavyo.

ZAWADI KATIKA KONTENA

Hapa tuseme neno na wale wanaopokea misaada. Mashine kuukuu za aina hii huweza kufika katika makontena ya marafiki wa ng'ambo. Zisitiwe puani kabla ya kuchunguzwa. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips iliita zirudishwe mamilioni ya mashine zake, kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele iliweza kumeguka na kuvutwa na mgonjwa. Fundi asome namba ya mashine na kuilinganisha na orodha ya kampuni. Aangalie pia kibandiko cha umeme, maana ya volti 110 peke yake itaungua kwenye volti 230 zetu. Barakoa na mpira viwe vipya. Na vumbi letu la kiangazi, upepo unapovuma kuanzia Juni, litaziba chujio la hewa upesi kuliko kitabu cha maelekezo kinavyosema.

Isitoshe, si kila anayekoroma anahitaji mashine. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala mdomo wazi na kukojoa kitandani, mara nyingi ana mafindofindo au nyama za nyuma ya pua zilizovimba, na upasuaji mdogo wa hospitali humponya. Tunawaomba sana wazazi wasimpeleke kwa mkata kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia kooni sicho kinachoziba pumzi ya mtoto, na kisu cha mtaani kimeleta watoto hospitalini wakitoka damu, wakiwa na pepopunda na vidonda vilivyooza.

Kwa mtu mzima, anza na hospitali ya karibu, iwe Makiungu, Itigi, Kiomboi au ya mkoa, upimwe shinikizo la damu, sukari na uzito. Ikionekana lazima, utaandikiwa kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa. Kwa kanda yetu ni Benjamin Mkapa, Dodoma. Usiende peke yako, nenda na mama. Kabla ya safari, akeshe usiku mmoja au miwili kwa muda wa saa moja, mezani akiwa na saa na daftari, aandike ni mara ngapi pumzi zilikatika na kila mara ilichukua sekunde ngapi. Mwenye simu ya kurekodi sauti na airekodi. Daktari atapenda kuisikia.