Tuwatembeze Vijana Wetu Mkumbuu



Msafiri afikapo mji wa Roma humtafuta mtu wa kumwongoza, akatembezwa baina ya nguzo na kuta za wafalme waliopita, akaelezwa kila jengo lilikuwa la nani. Hapana ubaya katika hayo, kwani Qurani Tukufu imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi, tutazame mwisho wa waliotutangulia. La ajabu ni kijana wa Pemba awezaye kuwahesabu Makaisari wa Roma, na hali hajapata kukanyaga Ras Mkumbuu, iliyo magharibi ya Chake Chake, katika kisiwa chake mwenyewe.

Basi nawaomba wazazi mchague siku moja muwapeleke. Na kabla ya kufika, waelezeni khabari za Al-Masudi, mwanachuoni aliyezaliwa Baghdad. Mwaka 304 Hijria, yaani 916 Miladia, alisafiri baharini kutoka Kanbalu mpaka Omani. Alikwisha kupita bahari nyingi, na Bahari ya Rumi ikiwamo, lakini aliandika kuwa hakuona yenye kutisha kuliko hii yetu ya Zanji. Akasema pia kuwa Kanbalu walikuwamo Waislamu, na lugha yao ilikuwa ya Zanji. Wataalamu wengi waona kuwa Kanbalu ni Pemba, na baadhi yao huielekeza Mkumbuu khasa. Yafikirini haya, wanangu. Zaidi ya miaka 1,100 iliyopita palikuwa na watu wa pwani hii wakisali, na lugha wanayozungumza ni ya hapa hapa.

Mkishafika, anzeni na gofu la msikiti. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na wataalamu waukadiria kuwa wa karne ya 14. James Kirkman alichimba hapo katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 akaja Mark Horton, akachimba chini zaidi, na chini ya msikiti huo akakuta athari za msikiti mwingine, wa karne ya 10. Maana yake ni kuwa kizazi kilijenga, na kizazi kilichofuata kikajenga juu ya msingi wa wazee wake.

Kisha yaendeeni makaburi yenye minara. Ndani ya makaburi ya namna hii wazee walikuwa wakipachika mabakuli ya kaure kutoka China, yaliyoletwa na biashara ya majahazi. Na mtoto akiuliza, "Ziko wapi nyumba zao?" mjibuni kuwa nyumba za wengi zilikuwa za miti na udongo, nazo zimekwisha kuoza. Mali bora na kazi ya mawe waliitoa kwa ajili ya msikiti na makaburi. Basi atazame mwenyewe ni nini kilichobaki.

Yako mambo matatu ya adabu. La kwanza, watoleeni salamu waliolala hapo na muwaombee kwa Mwenyezi Mungu. Wao wenyewe msiwaombe haja, kwani hao ni waja kama sisi. La pili, msiwatishe watoto kwa hadithi za mashetani wa magofuni. Mtoto aliyetiwa khofu ya mahali hatapataka kupajua, wala hataona uchungu pakiharibiwa. La tatu, msichukue jiwe wala kigae, hata kidogo namna gani. Kigae kikiwa mahali pake chini ya ardhi, hueleza umri wa tabaka kilimolala; kikitiwa mfukoni huwa bubu. Na jiwe la msikiti wa kale si la kujengea banda la mbuzi.

Mkirudi Chake Chake, ingieni katika makumbusho yaliyomo ndani ya ngome ya zamani, vijana wavione vitu vilivyohifadhiwa. Kisha usiku, baada ya Isha, kila mmoja asimulie alilolielewa, na mkubwa amsahihishe mdogo kwa upole.

Roma ina wenyewe wanaoitunza na kuisimulia. Mkumbuu haina wengine ila sisi. Tukinyamaza sisi, watoto wetu wataambiwa kuwa wazee wao hawakuwa na chochote, nao watasadiki. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwe wenye kuhifadhi amana. Amin.