Vazi la Asili Lisilo na Mfumaji

Nenda sendofu yoyote kuanzia Usagara hadi Kirumba, utamkuta: baba wa bibi harusi kavaa suti nyeusi iliyopachikwa kipande cha kitenge kwenye kola na kingine kwenye mfuko wa kifuani, na MC anapaza sauti kwamba mzee katinga "vazi la asili". Asili ya wapi? Kitenge cha wax kilianza kwa viwanda vya Uholanzi kuiga batiki za Java katika karne ya 19, na leo vingi vinachapwa China. Sina ugomvi na kitenge, mama zetu wamekivaa na kimewakaa. Ugomvi wangu ni na hilo neno, na zaidi na jibu unalopewa ukihoji: "Kwani sisi tulikuwa na nguo gani? Wazee walivaa ngozi, nguo tuliletewa."

Ngozi walivaa, kweli. Lakini hiyo "tuliletewa" ni uvivu. Burton alipopita Unyamwezi mwaka 1857, na Speke aliporudi huko mwaka 1861, walikuta watu wanasokota pamba yao na kuifuma kwenye vitanda vyao vya kufumia. Hao ni Wanyamwezi, ndugu wa Wasukuma kwa lugha na kwa utani. Ufipa nako walifuma. Pwani ndiyo usiseme. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331 akaandika kwamba nguo za mji ule zinasafirishwa mpaka Misri. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza jinsi Waislamu wa Sofala walivyofuma pamba yao nyeupe. Kwa kuwa hawakuwa na rangi, walinunua vitambaa vya rangi kutoka Cambay, wakavifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma upya pamoja na uzi wao. Fikiria hiyo kazi. Mtu anavunja nguo nzima ili apate mstari wa buluu kwenye nguo yake.

Hapo ndipo pambo la kufuma linapotofautiana na pambo la kupachika. Misri ilipokuwa chini ya dola ya Rumi ya Mashariki, ile ambayo wanahistoria huiita Bizanti, kanzu ya kitani ilifumwa kipande kimoja pamoja na mikono yake. Milia miwili ilishuka kutoka mabegani, na vidoto vya duara vikakaa mabegani na magotini, vyote kwa uzi wa sufu wa rangi ulioingizwa kama mshindio katika mtande uleule. Huwezi kuling'oa pambo bila kuiua nguo. Matajiri walizidisha: karibu mwaka 400 Askofu Asterius wa Amasea aliwasuta waliovaa visa vya Injili kifuani, akisema wanatembea kama kuta zilizochorwa huku watoto wakiwacheka na kuwanyooshea vidole. (Sijui angesema nini akikutana na sare zetu zenye picha ya mgombea mgongoni.) Karne ya 19 nguo hizo zilipofukuliwa makaburini, wafanyabiashara walikata mapambo wakayauza, na kanzu wakazitupa. Ndiyo maana makumbusho mengi Ulaya yana viraka.

Sisi tumejifanyia hivyo wenyewe. Watemi waliodai hongo kwa misafara walijua kutofautisha nguo: merikani, ile shuka isiyo na rangi kutoka viwanda vya Massachusetts, ilikuwa ya kila mtu, wao walitaka debwani na sohari, nguo za Arabuni zenye pindo zilizofumwa kwa rangi. Mtemi alisoma pindo kama unavyosoma nembo ya gari. Leo hata neno kufuma tumelibakiza kwa vitambaa vya makochi, au kwa mume aliyekutwa gesti.

Ataniambia mtu kwamba kanga nayo inachapwa, mbona ni yetu. Nakubali, ni yetu, kwa sababu mwanamke wa hapa anaichagua kwa maneno yake na anayatumia. Kile kiraka cha kolani kinasema nini?

Na haya yanatokea Mwanza, jamani, katikati ya pamba! Mwaka 1955 wakulima wa kanda hii waliunganisha vyama vyao vya ushirika, Paul Bomani akiwa mbele, wasipunjwe kwenye mizani. Baada ya Uhuru tukajengewa Mwatex. Leo sehemu kubwa ya pamba inachambuliwa tu na kuondoka ikiwa robota, halafu tunapanga foleni Makoroboi kununua majora ya watu wengine ili tuonekane Waafrika. Mkulima wa Kwimba anauza nyuzi zisizosokotwa kwa bei anayopangiwa, na mwanawe anakopa hela ya sare ya harusi. Kila mara mjadala wa vazi la taifa unapoibuka, tunagombania mshono na rangi za bendera. Nani kafuma, haulizwi.

Basi kabla ya shindano lingine la mitindo, naomba kitu kidogo. Pale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, kiwekwe kitanda cha kufumia chenye mtande juu yake. Atafutwe anayejua, awe Mfipa, awe nani, alipwe mshahara kama mwalimu, na binti wa kidato cha pili kutoka Usagara apewe uzi wa rangi aanze na mstari mmoja.