Heko kwa watafiti wetu, lakini majibu yetu yako wapi?

Chuo kikuu kikipata daktari mpya, yule wa digrii na si wa hospitali, habari zinafika mpaka Kalundu siku ile ile. Picha za joho zinapita kwenye simu, familia inachinja mbuzi, viongozi wanatuma pongezi. Hakuna ubaya. Kusoma mpaka kufika pale katika nchi hii ni jasho, na anayefika anastahili heko. Lakini nina swali ambalo nimelibeba katika mikutano zaidi ya mmoja na kurudi nalo nyumbani: huyu ndugu alitafiti nini, na wale waliompa majibu, damu, samaki na muda wao waliambiwa nini baadaye?

Nauliza kwa sababu Uvira si mji mdogo katika elimu ya dunia. Vijana wengi wanapita mbele ya Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, ile CRH, kama wanavyopita mbele ya ofisi yoyote ya Serikali yenye rangi iliyofifia. Hawajui kwamba mizizi yake ni ile taasisi ya IRSAC ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1947, na kwamba wataalamu wa samaki huko Ulaya na Japani wanalijua jina la Uvira kuliko wanavyoijua miji mikubwa ya Kongo. Mwaka 1985 Mkongomani wa kituo hicho, Nshombo Muderhwa, pamoja na Wajapani wawili, Yanagisawa na Nagoshi, waliandika katika jarida la Japani juu ya samaki mmoja wa ziwa letu anayeishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wenzake. Mwaka 1993 Mjapani Michio Hori akaandika juu ya samaki huyo huyo katika jarida la Science la Marekani. Alionyesha kwamba wengine mdomo wao umepinda kulia na wengine kushoto. Wa upande mmoja wakizidi, samaki wanaowindwa wanazoea kujilinda upande ule, na hapo wa upande wa pili wanashiba zaidi na kuongezeka. Utafiti huo ulifanyika upande wetu wa kaskazini-magharibi mwa ziwa, na leo unafundishwa katika vyuo vya dunia nzima.

Mvuvi wa Makobola akisikia hayo atacheka, atasema samaki huyo anamjua. Hiyo ndiyo furaha ya elimu, mtu kusikia kitu chake kimeelezwa vizuri. Ni nani amewahi kwenda kumwelezea?

Samaki wa magamba tunaweza kumsamehe, maana hatumpiki sana. Maji ya kunywa ni habari nyingine.

Mwaka 2015 jarida la PLoS Medicine lilitoa utafiti juu ya maji na kipindupindu hapa hapa Uvira. Uliongozwa na Aurélie Jeandron wa chuo cha afya cha London, na jina la pili katika orodha ni la Mkongomani, Jaime Mufitini Saidi. Wakongomani wengine wanamfuata. Walichukua takwimu za miaka ya 2009 hadi 2014, wakalinganisha kiasi cha maji ambacho Regideso ilitoa kila siku na idadi ya wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kipindupindu waliopokelewa. Waliyoyakuta yanatisha. Siku ambayo maji ya bomba hayakutoka kabisa, ukilinganisha na wakati yanapotoka vizuri, wagonjwa waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata. Yaani pale walipokuwa wanaingia kumi, wanaingia zaidi ya ishirini na watano. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka ile walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba.

Mama unayesoma haya, au unayesomewa na mtoto wako, soma tena: siku 12. Maana yake maji yakikatika leo Mulongwe, hatari haiishi siku robine inapoanza tena kukohoa. Inaendelea karibu wiki mbili. Ndizo siku za kuchemsha maji hata kama makaa ni ghali, kutia dawa katika kila bidoni, kunawa mikono kwa sabuni, na kumkimbiza mtoto anayeharisha maji maji hospitalini bila kungoja asubuhi. Watafiti waliona pia kwamba mitaa inayotumia sana maji ya bomba ndiyo inayoumia zaidi yakikatika. Mtu aliyezoea maji safi, akinyimwa, anakimbilia ziwa au mto, na maji ya huko hayachagui mtu.

Jarida lile halilipishi. Yeyote mwenye intaneti anaweza kulifungua bure. Limeandikwa Kiingereza, basi! Kiingereza, katika mji ambao watu wanazungumza Kiswahili, Kifuliru, Kivira na Kibembe, na Kifaransa ni cha ofisini. Nimeuliza kwenye mabomba na kwenye mikusanyiko ya wahami kama kuna aliyesikia juu ya zile siku 12. Wananitazama kama mtu anayeuza bahati nasibu. Pengine matokeo yalielezwa katika semina fulani, yenye chai na maji ya chupa. Kama ni hivyo, hayakutoka mlangoni.

Mwaka 2024 heko nyingine ikaja. Espoir Bwenge Malembaka, wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, pamoja na wenzake wa hapa na wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, walichapisha katika The Lancet Infectious Diseases utafiti juu ya chanjo ya kipindupindu iliyotolewa Uvira mwaka 2020, mwaka ule ule wa mafuriko ya Mulongwe. Wagonjwa walipatikana katika vituo viwili mnavyovijua, Hospitali Kuu ya Uvira na Kalundu, kisha wakalinganishwa na majirani wasiougua. Matokeo: dozi moja tu ilipunguza hatari kwa karibu asilimia 53 baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hivi, na kwa karibu asilimia 45 kati ya mwaka wa pili na wa tatu. Kwa watoto wadogo, wa mwaka mmoja hadi minne, kinga ilikuwa hafifu zaidi.

Hii ni kazi ya kuheshimika. Dunia haikuwa na chanjo za kutosha, watu walitaka kujua kama dozi moja ina faida katika mji ambao ugonjwa hauondoki, na jibu likatoka Kivu Kusini chini ya jina la mtoto wa Kivu Kusini. Mimi binafsi najivuna. Lakini jibu hilo lina maneno mengine ambayo familia za hapa zinayahitaji kuliko profesa wa Baltimore. Chanjo inasaidia, ila haikuruhusu kunywa maji ya ziwa bila dawa. Inasaidia, ila mtoto wako mdogo bado yuko katika hatari kuliko wewe. Na aliyechanjwa mwaka 2020 asikae akidhani ameshamaliza. Utafiti ulipima miaka mitatu, haukuahidi zaidi. Tangu hapo vita vimetusukuma. Bukavu ilianguka mwezi wa pili 2025 na watu wakamiminika kuelekea kwetu na Burundi. Desemba ya mwaka ule ule vita vikaingia Uvira yenyewe, na wengi wakavuka mpaka. Leo mtu aliyechanjwa Kasenga anaweza kuwa yuko chini ya hema huko Burundi. Karatasi ya chanjo ilibaki nyumbani, kama nyumba ipo.

Huyu ndiye msomaji ambaye wasomi wetu hawamwandikii.

Najua watakavyonijibu. Kwanza watasema watu hawataelewa asilimia. Si kweli, na ni dharau. Mama anayenunua ndagala kwa beseni na kuziuza kwa kopo anapiga hesabu ya faida na hasara kichwani kuliko asistenti wengi. Mwambie kwamba kati ya wasiochanjwa wakiugua mia, waliochanjwa walio sawa nao kwa idadi wangeugua kama arobaini na saba, ataelewa kabla hujamaliza.

Pili watasema hawana mshahara. Hapo nawaunga mkono kwa sauti kubwa. Katika vyuo vyetu wako walimu waliofundisha miaka bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo ya Serikali, wale wanaoitwa wapya hata wakiwa na mvi. Mtu wa namna hiyo akiendelea kutafiti, ni ajabu. Lakini swali langu si juu ya pesa ya kutafiti, utafiti umeshafanyika. Nadai ukurasa mmoja wa Kiswahili na dakika kumi za redio.

La tatu hawalisemi, na ndilo kubwa. Ukurasa huo haumpandishi mtu cheo. Kwetu mtu anapanda kutoka asistenti hadi shefu wa travo, kisha profesa mshiriki, profesa, hadi profesa wa ordineri, na ngazi inahesabu makala za majarida. Makala ya Kiingereza iliyosomwa na watu thelathini ng'ambo inahesabiwa. Kipindi cha redio kilichosikilizwa kuanzia Luvungi hadi Baraka ni sifuri. Basi mwerevu anafanya nini? Anaandika kwa anayempa alama. Simlaumu yeye peke yake, nailaumu kamati inayokaa na kuhesabu.

Tazama hasara yake kwenye ziwa. Mwaka 2003 watafiti wa kigeni waliandika katika jarida la Nature kwamba maji ya Tanganyika yanazidi kupata joto, ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri, chakula cha samaki kinapungua, na kwamba huenda mavuno ya samaki yameshuka kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Huku kwetu neno la kufunga ziwa linafika kama amri: boti ya askari, faini, nyavu kuchukuliwa. Mvuvi anadhani wakubwa wanatafuta pesa, na mara nyingine hakosei. Angesikia mapema kwa nini ndagala na mikebuka zinapungua, kutoka kwa mtafiti wa hapa hapa anayezungumza lugha yake, angebisha, angeuliza maswali, angeleta anayoyajua yeye. Huo ungekuwa mjadala. Sasa tuna kukimbizana majini.

Kwa hiyo, kwa wakuu wa vyuo vya Bukavu na Uvira na kwa wa CRH: mkitoa orodha ya mafanikio ya walimu na wafanyakazi wenu, wekeni mbele ya kila makala mstari mmoja unaosema watu wa mahali palipotafitiwa walielezwa lini, wapi, na kwa lugha gani. Mstari ukiwa mtupu, tutauona mtupu. Na kamati za kupandisha vyeo ziutolee alama. Msisahau wafanyakazi wasio na joho, yule aliyeongoza mtumbwi, yule aliyeandika majina ya wagonjwa usiku wa manane kituoni Kalundu. Makala zinawashukuru kwa herufi ndogo mwishoni, zikiwakumbuka.

Na ninyi wakaaji na wahami, mtafiti akija na karatasi ya kutia sahihi, msiishie kuuliza kama kuna sabuni au pesa ya usafiri. Muulizeni atarudi lini na majibu, na aandike tarehe kwenye karatasi hiyo hiyo. Redio za hapa zina nafasi. Kuhusu zile siku 12 baada ya maji kukatika, anayetaka kuzieleza mwenyewe kwa sauti yake anakaribishwa. Asipokuja, nitazisoma mimi kila maji yatakapokatika.