Mume wa Vanga, mke wa Moa

Harusi ya Mdigo wa Vanga, Kenya, na Mdigo wa Moa, Tanzania, haina ugeni. Lugha ni moja, ukoo mara nyingi ni mmoja, na wazee wanaokaa jamvini kuzungumza mahari wanajuana tangu utotoni. Ugeni huanza bibi harusi anapovuka mpakani Lunga Lunga na pasi ya Tanzania, kwa sababu ya mpaka ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1886, kuanzia mlango wa mto Umba.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 15, inampa haki ya kuandikishwa kuwa raia, akiomba, mtu yeyote aliyedumu katika ndoa na Mkenya kwa miaka 7 au zaidi. Mke na mume wako sawa hapo. Zamani haki hiyo ilikuwa ya mwanamke aliyeolewa na Mkenya tu. Binti Mkenya wa Msambweni aliyeolewa na mgeni hakuweza kumfikisha mumewe popote. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ikaongeza masharti: ndoa iwe imefungwa kwa utaratibu unaotambulika kisheria, isiwe ya kutafutia karatasi, na wawili hao wawe wanaishi pamoja wakati wa kuomba.

Nikaha inatambulika. Kinachokosekana ni ushahidi.

Nikaha nyingi za vijijini hufungwa sebuleni: walii yupo, mashahidi wawili wapo, hotuba inasomwa, pilau inaliwa, watu wanatawanyika. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka kila ndoa isajiliwe, lakini cheti hukumbukwa siku afisa anapokiulizia, na huenda sheikh aliyefungisha keshafariki. Hata kikiwepo, cheti kinasema Mwanaisha na pasi inasema Mwanaesha. Kwa herufi moja, familia inayoishi kwa uvuvi inaanza kutafuta wakili wa kuandika hati ya kiapo.

Diani, kwenye pwani ya watalii, hali ni nyingine. Anayeoana na Mzungu huko mara nyingi hutazama njia ya kwenda nje, na njia hiyo ni ngumu kweli. Ujerumani kwa kawaida humtaka mwenzi awe na cheti cha Kijerumani cha kiwango cha A1 kabla ya viza. Uingereza, tangu Aprili 2024, imepandisha kipato kinachotakiwa kutoka pauni 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka. Ni vikwazo vizito, lakini vimeandikwa wazi na wakili wa kuvieleza hakosekani. Mke wa Moa hana wa kumweleza.

Naye ana uamuzi mzito zaidi. Kenya inaruhusu uraia pacha, Tanzania hairuhusu. Akiwa Mkenya huenda akapoteza Utanzania, na Sheria ya Ardhi ya Tanzania, ilivyotungwa mwaka 1999, haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Minazi ya babake kule Moa itakuwaje? Hilo ni swali la kujibiwa kabla ya fomu kujazwa, na mtu wa kulijibu anapaswa kuwa karibu naye.

Hata hivyo, Kaunti ya Kwale, iliko Vanga, inajua kwamba kuwaandikisha watu wasio na karatasi kunawezekana. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, waliishi miongo mingi bila vitambulisho, na bila kitambulisho ndoa zao hazikusajilika. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale hadi Nairobi, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru waandikishwe. Wapemba nao wakatambuliwa kuwa Wakenya mwaka 2023.

Idara ya Uhamiaji haifai kungoja watu waandamane tena. Imtume afisa Vanga, Lunga Lunga na Msambweni kwa siku zinazojulikana, akae meza moja na Kadhi, ili cheti, majina na maombi yashughulikiwe mahali pamoja. Na wenye nikaha isiyo na cheti wasisubiri siku hiyo: waende wakasajili sasa, walii na mashahidi wao wakiwa bado hai.