Kutooza Si Kudumu

Muuzaji wa viatu vya povu, vile vya kutumbukiza mguu ambavyo Watanzania wengi huviita yeboyebo, huisifu bidhaa yake kwa mambo mawili: ni laini, na haiishi. Sifa ya kwanza ni ya kweli siku ya kununua. Ya pili yahitaji kuchunguzwa, kwa kuwa anayedanganyika nayo ni yule afanyaye kazi kutwa akiwa amesimama.

Asili ya ulaini huo ni gesi. Viatu hivi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo ethilini-vinili-asetati, kwa kifupi EVA. Plastiki huchanganywa na unga ambao, ukipata joto ndani ya kalibu, hutoa gesi. Nayo hufanya vijipovu visivyohesabika, kila kimoja kikiwa kimezibwa peke yake. Kiatu kikitolewa hufura ghafla kikaizidi kalibu yenyewe, mithili ya andazi katika mafuta. Maji hayapenyi humo. Kiatu huoshwa kikavaliwa papo hapo. Kwa bafuni, jikoni na bustani za mboga wakati wa masika, ni vigumu kukikosoa.

Lakini kisigino hukandamiza vijipovu hivyo maelfu ya mara kwa siku. Kuta zake hujikunja, gesi huvuja kidogo kidogo, na unene uliopotea haurudi wote. Kiatu huonekana kizima, rangi yang'aa, hali chini ya kisigino povu limekwisha kufa. Muuguzi au mpishi hulalamikia nyayo na mgongo, asikishuku kiatu ambacho hakijachanika popote. Jua nalo huongeza madhara: kiatu kilichosahauliwa juu ya bati, au ndani ya gari lililofungwa vioo, huweza kusinyaa hata kisimwenee tena mwenyewe.

Hapo ndipo makatambuga, yaliyodharauliwa kuwa viatu vya maskini, yanapostahili heshima. Mpira wa tairi ni mzito, wala haumbembelezi mtu. Lakini hulika polepole, na ukanda ukikatika fundi huupigilia msumari. Povu hupasuka penye tundu la sindano. Tena, kwa kuwa molekuli zake zimefungamanishwa kiwandani, haliyeyushwi kwa urahisi likafanywa kiatu kingine. Likitupwa huelea, na mvua hulipeleka baharini. Jahazi Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa na kushushwa majini mwaka 2018, lilifunikwa kwa kandambili zipatazo 30,000.

Wenye viwanda wangefanya vema kubandika soli ya mpira chini ya povu, kama baadhi yao wafanyavyo, badala ya kushindana kwa rangi. Mvaaji naye ana kipimo kisichogharimu kitu: abonyeze kwa kidole gumba kisigino cha kiatu chake, kisha ukingo wake usiokanyagwa. Kisigino kikiwa kigumu kama ubao na ukingo ungali laini, kiatu hicho kimebaki cha kuogea.