Mambo ya Kale: Nyumba ya Waagustino ya Mombasa

Mwezi huu twataka kuwaeleza habari za nyumba ya watawa iliyosimama Mombasa zamani sana, miaka karibu 300 kabla wamisionari hawajafika Bukumbi, kusini ya ziwa letu, mwaka 1883.

Waagustino ni watawa wafuatao kanuni ya Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430. Kanuni hiyo yawataka wakae pamoja kwa moyo mmoja, na mali zao ziwe za wote. Katika Ulaya nyumba za kanuni hiyo zilikuwa nyingi. Huko Uingereza Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba zote za watawa kati ya miaka 1536 na 1540, akazitwaa mali zao. Lakini nyumba ya Mombasa iliangamia kwa sababu nyingine, nayo yatupasa kuijua.

Wareno walifika Mombasa mara ya kwanza mwaka 1498, pamoja na Vasco da Gama. Mwaka 1505 wakaupiga mji huo kwa mizinga na kuuchoma moto. Mwaka ule ule wakajenga ngome Sofala, wakitamani dhahabu iliyotoka bara. Mwaka 1593 wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, na mwaka 1597 Waagustino wakaweka nyumba yao mjini. Basi padre na askari walikuja kwa merikebu moja, na watu wa pwani hawakuweza kuwatenga.

Mfalme wa Mombasa siku zile aliitwa Hasan. Alikuwa rafiki wa Wareno, lakini kapiteni wa ngome alimwonea hata akakimbilia bara, na huko akauawa kwa hila za Wareno, mwaka 1614. Mwanawe Yusufu, mtoto wa miaka kama saba, akapelekwa Goa, katika Bara Hindi. Waagustino wakamlea, wakamfundisha kusoma na kusali, wakambatiza kwa jina la Jerónimo. Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa awe mfalme, naye Mkristo.

Mithali yasema, Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini Yusufu alilelewa na wawili: padre alimfundisha amri za Mungu, na kapiteni akamwonyesha jinsi zinavyovunjwa. Aliporudi kwao alikuta maonevu yale yale yaliyomwua baba yake. Yasimuliwa ya kuwa alionekana usiku akisali kaburini kwa baba yake kwa desturi ya Kiislamu, na habari zikamfikia kapiteni. Yusufu akaogopa kukamatwa. Tarehe 16 Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamwua kapiteni Pedro Leitão de Gamboa. Wakristo wengi wakakimbilia nyumba ya Waagustino, wakajifungia humo.

Mfalme akawataka waiache dini yao. Wengi wakakataa, wakauawa: watawa, Wareno, na Waafrika waliobatizwa, waume kwa wake, zaidi ya watu 100. Baadaye mashahidi waliitwa Goa wakaeleza jinsi watu hao walivyokufa. Tuwatazame hasa wale Waafrika. Hawakuwa na cheo ngomeni, wala faida ya dhahabu. Kama wangalikana, wangaliishi. Hao walikuwa wameipokea Injili yenyewe.

Yusufu naye hakupata raha. Mwaka 1632 aliuacha mji, akawa mnyang'anyi wa baharini, akafa mwaka 1638. Wareno wakarudi, wakaitengeneza ngome. Lakini mwaka 1698 Waarabu wa Omani wakaitwaa. Ngome ingali imesimama hata leo. Nyumba ya watawa haipo tena.

Tusiwatupie jirani zetu Waislamu lawama ya siku ile. Damu ya wasio na hatia haina udhuru mbele za Mungu; lakini damu ya kwanza ilikuwa ya Hasan, na waliofanya hila ile walijiita Wakristo.

Sisi watu wa Shinyanga na Geita twakaa juu ya dhahabu na almasi. Tangu almasi ya Mwadui ilipoonekana mwaka 1940, na tangu migodi ya Geita ilipofunguliwa, twajua jinsi mali ya ardhini inavyoubadili moyo wa mtu. Baba ampunjaye mwenziwe machimboni siku ya Jumatatu, kisha akaongoza sala ya jioni nyumbani, amekuwa padre na kapiteni kwa pamoja, na mtoto wake anaona yote mawili. Vivyo hivyo mwalimu afundishaye haki darasani, naye akawatuma wanafunzi shambani kwake bila ujira.

Wazazi na walimu, twawasihi mwezi huu kila mmoja ajiulize: je, kuna ujira wa mtu ninaouzuia? Kuna yatima ambaye urithi wake ninaula? Kama upo, urudishwe kabla ya kumfundisha mtoto sala nyingine. Mtoto aliyeiona haki nyumbani hataona shida kuisadiki kanisani.